Magoti yenu: barua kutoka Goma na Bukavu

Tulipotangaza kwamba ukurasa huu utakuwa wa goti peke yake, tulitegemea barua za wachezaji wa mpira. Zilikuja. Lakini nyingi zaidi ziliandikwa na watu ambao mazoezi yao ni kazi yenyewe: wasukuma chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), mama wabebaji, motari (waendesha pikipiki za abiria). Basi tunaanza kwao. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Wanaojibu ni daktari wa mifupa na kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa ukurasa huu. Goti halipapaswi kwa barua, kwa hiyo palipoandikwa "nenda ukaonwe", nenda.

Uvimbe wa mbele, kama mfuko wa maji

Swali: Docta, jambo. Niko nasukuma chukudu tangu miaka saba, viazi na makala (makaa), toka Kibumba kushuka mjini. Goti la kushoto, lile ninaloegemeza juu ya ubao, limetoa uvimbe mbele, laini, kama mfuko wa maji. Haliumi sana, ila nikilipigia ubao linachoma. Kuna muuguzi wa mtaani anasema atayavuta hayo maji na sindano, dakika tano tu. Nikubali? (Msukuma chukudu, Majengo, Goma)

Jibu: Usikubali, kaka. Hayo maji hayako ndani ya goti. Kati ya ngozi na pia ya goti kuna kifuko chembamba, madaktari wanakiita bursa, ambacho kinaiwezesha ngozi kuteleza juu ya mfupa bila kukwaruzika. Kikiwa kizima kina utelezi kidogo tu, matone. Sasa wewe goti moja liko ubaoni, mguu wa pili unapiga barabara ili chombo kiende, na kila pigo moja linalisugua lile lililoegemea. Hesabu mapigo ya safari moja, kisha ya miaka saba. Kifuko kinakasirika, kinajaa. Mafundi wa karo na wanaosugua sakafu kwa magoti hupata uvimbe huohuo.

Hakikisha mwenyewe. Kaa chini, nyoosha mguu, legeza paja. Uvimbe wa bursa unakaa juu ya pia yenyewe kama nusu ya yai, hata kingo za pia huzisikii vizuri kwa vidole. Goti linanyooka bila maumivu, na linakunjika mpaka pale ngozi inapokaza. Maji yakiwa ndani ya kiungo, mambo yanageuka: uvimbe unakaa upande wa juu wa pia, kuelekea paja, na pembeni zake, na ukiibonyeza pia inazama, inagonga mfupa, halafu inaelea tena. Hayo ya pili si ya kujitibu nyumbani.

Sindano ya mtaani tunaikataa kwa sababu mbili. Kwanza, ukiendelea kupigia ubao kifuko kitajaa tena, na pesa imeenda. Pili, na hii ndiyo kubwa, sindano inafungua njia. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi, hasa stafilokoki, wanaingia mahali palipojaa maji yaliyotulia, na kwao hapo ni karamu. Ulikuwa na maji safi, sasa una usaha, na matibabu yake ni antibiotiki kwa siku nyingi, pengine na kupasuliwa. Hospitalini kuna wakati daktari anavuta maji hayo, hasa akitaka kujua kama kuna usaha, lakini anafanya hivyo kwa vifaa safi kabisa na kwa sababu maalumu.

Dawa yako kubwa iko juu ya chukudu. Tazama kile kipande unachoegemeza goti. Mara nyingi ni soli ya sandali ya zamani au kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Kibonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu: ukisikia ubao, basi goti lako nalo linausikia siku nzima. Tairi peke yake ni gumu mno, halibonyei. Sponji laini ya mto nayo haifai, inalala ndani ya wiki moja. Tafuta kipande cha godoro gumu, unene wa sentimita 5, ukate upana wa 20 na urefu wa 30. Mahali pia ya goti inapotua, chimba bonde la duara lenye upana wa sentimita 8 hivi na kina cha 2, ili uzito uende kwenye ugoko na pembeni, usitue wote juu ya kifuko. Funika kwa mpira wa ndani wa gurudumu uliovutwa ukakaza, na misumari ipigwe ubavuni mwa ubao. Kichwa cha msumari juu ya pedi kinatoboa ngozi, na tumeshaeleza bakteria wanafanya nini.

Kwa wiki mbili au tatu usiegemeze goti hilo kabisa. Kwenye tambarare tembea ukisukuma. Kwenye mteremko simama juu ya ubao. Kama usawa wako unaruhusu, jizoeze kuegemeza goti la kulia pia, kwanza bila mzigo. Jioni weka baridi: chupa ya maji iliyogandishwa dukani, ifungwe kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15. Kitambaa ni lazima, barafu juu ya ngozi tupu inaunguza. Bendeji ya kuvutika inasaidia mchana ikiwa haikazi mpaka vidole vya mguu vinapata ganzi. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, si zaidi ya mara tatu kwa siku na si zaidi ya siku tano, ni kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wala presha.

Uvimbe ukigeuka mwekundu, wa moto, unaopwita, au ukapata homa, au kuna kidonda juu yake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukifika mahali huwezi kulikunja wala kulinyoosha hata kidogo bila kulia, usingoje asubuhi. Huenda usaha uko ndani ya kiungo chenyewe, na gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) lililooga usaha linaharibika kwa siku chache tu.

"Radio (picha ya eksirei) ilisema hakuna kitu"

Swali: Nina miaka 19, nacheza mpira wa miguu. Wiki tatu zilizopita niligeuka ghafla, hakuna aliyenigusa, nikasikia "tak" ndani ya goti nikaanguka. Ndani ya saa moja lilikuwa limevimba kama tikiti. Radio ilisema hakuna kitu. Mama alinipeleka kwa mkandaji, akalivuta na kulichua siku tatu, nililia sana. Sasa natembea vizuri, lakini nikigeuka goti linaniacha. Mwezi ujao tuna mashindano. Naweza kucheza? (Mchezaji, Katindo, Goma)

Jibu: Hapana, dada, na tutakueleza ili usione tunakukatalia bure.

Radio inaonyesha mifupa. Haionyeshi ligamenti (kamba zinazofunga mifupa), haionyeshi meniska (mito ya gegedu ndani ya goti). Aliyekuambia "hakuna kitu" alipaswa kusema "hakuna mfupa uliovunjika", na kati ya maneno hayo mawili wachezaji wengi wamepotezea magoti yao. Barua yako ina dalili nne zinazoelekea upande mmoja: umegeuka bila kuguswa, umesikia mlio, uvimbe umekuja ndani ya saa moja, na sasa goti "linakuacha". Uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu. Kinachovuja damu nyingi ndani ya goti, mara nyingi kuliko kingine chochote, ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ile vijana wa uwanjani wanaiita kruaze. Ni kamba inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na usijizungushe chini ya paja. Uvimbe wa meniska peke yake kwa kawaida unachelewa, unauona kesho yake.

Daktari au kine mwenye uzoefu anaweza kuijua bila mashine. Unalala chali, goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, wa pili unavuta ugoko mbele. Kwenye goti zima unasikia kamba ikikaza na kusimamisha. Kwenye lililokatika ugoko unaendelea kuja. Kisha analinganisha na mguu mwingine. Katika siku za mwanzo goti limejaa na misuli imekaza, kipimo kinadanganya, ndiyo maana wiki ya pili au ya tatu ni wakati mzuri wa kurudi kuonwa. Usitume watu kukutafutia MRI (picha ya mashine ya sumaku) kabla ya mikono hiyo.

Kuhusu mkandaji, Mama alifanya kwa upendo, asilaumiwe. Lakini goti lililojaa damu likivutwa na kuchuliwa linatoa damu zaidi, na kama kuna mfupa uliopasuka au meniska iliyokwama, kuvuta kunaharibu. Siku tatu za kwanza ni kupumzisha, bendeji, baridi, mguu juu kuliko moyo, na gongo la kutembelea. Hakuna kuchua, hakuna maji ya moto, hakuna pombe.

Kwa nini usicheze na huku unatembea vizuri? Kutembea mbele hakuhitaji sana kamba hiyo, kugeuka kunaihitaji. Kila goti linapokuacha, mifupa miwili inasagana na meniska iko katikati. Meniska ni mito miwili ya gegedu inayogawa uzito, na sehemu yake ya ndani haina damu, ikichanika haijirudishi. Tunakutana na watu wa miaka 35 wenye magoti ya wazee kwa sababu walicheza misimu miwili juu ya kamba iliyokatika.

Kazi ya sasa ni hii, hata kabla ya kujua kama utapasuliwa. Kwanza goti linyooke kabisa: weka kisigino juu ya taulo iliyoviringishwa, goti likiwa hewani, uliache lishuke lenyewe dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Goti lisilonyooka kikamilifu linakufanya uchechemee, na kuchechemea kunakula paja. Pili, amsha msuli wa mbele wa paja: kaza kama unataka kusukumia nyuma ya goti chini kwenye mkeka, shika sekunde 10, mara 10, awamu tano kwa siku. Ukiona mguu unainuka ukiwa umenyooka bila goti kulegea, umefaulu. Tatu, kukunja taratibu, kisha baiskeli, kisha kupanda ngazi, kisha kuchuchumaa nusu. Mbio zinakuja baadaye, wakati hakuna uvimbe na paja limerudi.

Upasuaji si lazima kwa kila mtu. Anayetaka kutembea, kulima, kuendesha baiskeli, mara nyingi anatosheka na miezi mitatu ya mazoezi ya kweli. Anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeukageuka, au ambaye goti linamwacha hata akitembea sokoni, huyo azungumze na daktari wa upasuaji wa mifupa. Na akipasuliwa, asirudi uwanjani kabla ya miezi 9, tena mguu huo uruke angalau asilimia 90 ya mwenzake. Kocha anayekuambia miezi minne hatalipa gegedu lako. Kwa mazoezi, vituo vya kukarabati viungo kama Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vinajua kazi hii.

Neno kwa makocha wa wasichana, maana barua hii haikuwa peke yake. Katika michezo ileile, wasichana wanakata kamba hii mara mbili au tatu zaidi ya wavulana, na mengi yanatokea bila kuguswa. Mwangalie anapotua kutoka juu: magoti yakiingia ndani yakakaribia kugusana, huyo ndiye wa kufundishwa kwanza. Atue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yakitazama vidole, bila kelele. FIFA ina ratiba ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+, mazoezi 15 kwa dakika 20: dakika 8 za mbio za polepole na kugeuka, 10 za nguvu, usawa na kuruka, 2 za mbio za kasi. Haihitaji kifaa isipokuwa mpira na alama za kuwekea njia. Walipoijaribu kwa wasichana nchini Norway, matokeo yalitolewa mwaka 2008, majeraha makubwa yalipungua sana. Lakini inafanya kazi kwa timu inayoifanya angalau mara mbili kila wiki. Mara moja kabla ya fainali ni mapambo. Na viatu: njumu ndefu juu ya changarawe kavu ya lava zinaunasa mguu wakati mwili unageuka. Kwenye viwanja vyetu vyeusi vaeni njumu fupi nyinginyingi.

Sindano ya mwezi

Swali: Mimi ni mama mbebaji, nina miaka 52. Nabeba mifuko kushuka na kupanda Kadutu. Magoti yote mawili yananiuma, zaidi nikishuka. Asubuhi yanakaza kidogo halafu yanafunguka. Kila mwezi farmasi wananichoma sindano mbili pamoja, moja wanaiita deksa, naamka kama msichana. Lakini sasa tumbo linaniunguza. Niendelee? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Mama, sindano hizo zisimame, na tumbo hilo lionwe wiki hii. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda usiku huohuo.

Sindano zenyewe, kwa tunavyozijua, mara nyingi ni dikilofenaki na deksametazoni. Kila moja peke yake inaweza kuchubua tumbo. Pamoja ni mbaya zaidi. Deksametazoni ni steroidi. Inaficha maumivu na uvimbe kweli, ndiyo maana unaamka kama msichana, lakini inapandisha sukari na presha, inanyong'onyeza mifupa, inaficha homa ya ugonjwa mwingine. Haikulipa goti chochote, ilikukopesha. Kama nyumbani unameza pia vidonge vya aina hiyo kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, hivyo usiviache ghafla. Mwili umesahau kutengeneza vyake, na daktari atavipunguza polepole.

Ulichoeleza, umri wako, kukaza kwa asubuhi kusikozidi nusu saa, maumivu ya kushuka, kinafanana na kuchakaa kwa kiungo, yaani atrozi. Gegedu limepungua na kiungo kinalalamika. Yakikaza zaidi ya saa nzima asubuhi, na vidole vya mikono navyo vimevimba, hiyo ni habari nyingine, umwone daktari.

Sasa mlima. Bukavu haitasawazishwa kwa ajili ya goti la mtu, kwa hiyo tunabadilisha namna ya kushuka. Ukishuka, msuli wa paja ndio breki, na breki hiyo inaibana pia ya goti juu ya mfupa kwa nguvu ya karibu mara tatu ya uzito wako. Ongeza kilo 50 mgongoni, jaza hesabu mwenyewe. Kwa hiyo: shuka kwa kukatakata njia kushoto na kulia, usiteremke moja kwa moja, hatua fupi, goti lisikakamae, fimbo mkono wa pili, si upande wa goti linalouma zaidi. Mzigo mmoja wa kilo 60 uugawe mara mbili ukiweza. Tunajua malipo ni kwa safari. Basi angalau mizigo mizito ichukue ile ya kupanda, na ya kushuka iwe myepesi, kwa kuwa ni kushuka ndiko kunakokutesa. Na kama una uzito wa ziada mwilini, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Nyumbani, inua mbabula (jiko la makaa) juu ya matofali upike ukiwa umesimama au umekaa kwenye kiti kirefu. Kuchuchumaa saa mbili mbele ya moto ni mzigo wa pili baada ya ule wa mchana.

Halafu mazoezi, na hapa mama wengi wanatucheka: "Mimi nabeba siku nzima, bado mazoezi?" Ndiyo. Kubeba kunachosha paja, hakulijengi sawasawa. Kaa kwenye benchi, mikono kifuani, simama kwa hesabu ya mbili, kaa kwa hesabu ya nne bila kujitupa. Mara 10, pumzika, rudia mpaka awamu tatu, siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, shika kidumu cha lita tano kifuani. Maumivu ya kiasi wakati wa zoezi si dhambi. Kipimo ni kesho asubuhi. Goti likiamka kama jana, endelea. Likiamka limevimba, punguza nusu. Ngoja wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu.

Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1, si zaidi ya mara nne kwa siku, na kwa mtu mwembamba wa chini ya kilo 50 iwe chini ya hapo. Krimu ya dikilofenaki ya kupaka inasaidia goti na haiingii sana tumboni. Lakini kwanza tumbo lionwe. Vidonge vya "kurudisha gegedu" wanavyopitisha kwenye basi, nunua mboga kwa pesa hiyo.

Kupanda sawa, kushuka taabu

Swali: Kila asubuhi tunapanda Mlima Goma mbio na wenzangu na kushuka. Kupanda sina shida, kushuka nasikia maumivu kuzunguka pia ya goti. Pia nikikaa muda mrefu ofisini. Nipumzike mwezi mzima? (Mkimbiaji, Himbi)

Jibu: Usipumzike kabisa. Mwezi wa kukaa unapunguza paja, na paja dogo ndilo lililokuleta hapa. Wiki tatu panda mbio, shuka kwa kutembea, siku nyingine kimbia kwenye tambarare. Hesabu mguu wa kulia unagonga chini mara ngapi kwa sekunde 30. Kama ni 40, lenga 42 hadi 44 kwa mwendo uleule: hatua zinakuwa fupi na pia ya goti inabanwa kidogo. Mara tatu kwa wiki simama juu ya ngazi ya sentimita 15 hadi 20, shusha kisigino cha mguu wa pili kiguse chini polepole kisha urudi, mara 8 hadi 12, awamu tatu, mbele ya kioo ili uone goti halianguki ndani. Ongeza na kulala ubavu ukiinua mguu wa juu. Msuli wa pembeni ya nyonga ndio usukani wa goti.

Maumivu yakiwa upande wa nje wa goti, yanaanza daima baada ya umbali uleule na kukulazimisha usimame, hapo si pia, ni ule ukanda mrefu unaoshuka kutoka nyonga. Tazama kama daima unakimbia upande mmoja wa barabara iliyoinama, badili upande. Viatu vya mitumba vya Birere si vibaya, ila viweke juu ya meza uvitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kiache hapohapo.

Nundu chini ya goti la mtoto

Swali: Mwanangu wa miaka 13 ana nundu ngumu chini ya goti, inauma akicheza mpira. Bibi yake anataka achanjwe chale. (Mama, Nguba, Bukavu)

Jibu: Asichanjwe, Mama. Kano ya paja inavuta mfupa ambao bado unakua, na mfupa unajibu kwa nundu. Acheze kama maumivu ni madogo na yameisha asubuhi. Yakizidi, apunguze michezo ya kuruka kwa wiki chache. Huisha ukuaji unapokamilika, nundu yenyewe inaweza kubaki. Lakini mtoto anayeamshwa usiku na maumivu, mwenye homa, au uvimbe unaokua upande mmoja wa mfupa, apelekwe mara moja. Mtoto anayechechemea na mguu umegeukia nje, daktari apime nyonga, kwa sababu nyonga huumia goti likasingiziwa. Na kama ana seli mundu, maumivu yoyote ya mfupa yenye homa ni ya hospitali.

Mafupi

Goti linalia "kwa-kwa" nikichuchumaa. Bila maumivu wala uvimbe, liache lilie.

Goti limekwama, halinyooki tangu nilipoinuka na gunia. Kipande cha meniska huenda kimeziba mlango. Usilazimishe, usiruhusu mtu alivute. Mwone daktari wa upasuaji wiki hii.

Soksi ya goti inasaidia? Inatia joto na kumpa mtu ujasiri, haishiki ligamenti iliyokatika. Ivue ukilala. Mguu ukiwa wa baridi au na ganzi, ni ndogo kwako.

Nimeanguka na moto (pikipiki), goti limejaa changarawe nyeusi. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, na mawe yatolewe yote leo; vumbi la lava likibaki chini ya ngozi linaacha alama nyeusi ya kudumu, na linaoza. Uliza chanjo yako ya pepopunda ni ya lini. Kidonda kikiwa kirefu na kinatoa maji ya njano yanayonata kama ute wa yai, huo ni utelezi wa kiungo: goti limefunguka. Funika kwa kitambaa safi, usiingize kidole, usimimine spiriti ndani, ufike hospitali kabla ya masaa sita kupita tangu uanguke.